Kiungo cha Waya na Ukweli wa Kipimo cha Moyo

Mzee mmoja wa Singida vijijini aliletwa kwangu na karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo, iliyosomwa kuwa mapigo yake hayana mpangilio. Tulipobadilisha waya na kurudia kipimo, mapigo yalionekana sawa. Kilichokuwa kibovu ni kiungo cha waya na mashine.

Umeme wa moyo unaofika kwenye ngozi ni takriban milivolti 1 tu, ilhali nyaya za ukutani hubeba volti 230 zinazotetema mara 50 kwa sekunde. Karatasi ikienda milimita 25 kwa sekunde, mitetemo hiyo huwa miwili katika kila milimita, nayo huweza kuificha kabisa alama ndogo ya vyumba vya juu vya moyo. Ndiyo maana waya huvikwa wavu wa shaba. Wavu huo sharti ushike ganda la chuma la kiungo pande zote, na ganda liungane na njia ya ethi ya bodi ya saketi. Ukikatika hapo, kinga hupungua sana. Pini nzuri hupakwa dhahabu, kwa kuwa haishiki kutu, na ganda hukazwa kwenye bodi kwa skrubu ili mvuto wa waya usivunje maungio ya risasi. (Baridi ya asubuhi na hofu pia hutetemesha misuli, ila mitetemo yake haina ulinganifu.)

Vumbi na pepo za Singida hazituhurumii. Muuguzi, chomoa kwa kushika kiungo, kamwe si waya, kisha kifunike. Mgonjwa naye ana haki ya kuomba kipimo kirudiwe kabla ya kuanza dawa za maisha.