Kompyuta Isiyovuma Katika Joto la Ruzizi

Anayetafuta kompyuta ya nyumbani isiyo na kelele huanza kwa kuulizia chapa. Mimi humwambia ageuze chaja kwanza asome maandishi yake madogo. Volti 19 kwa ampea 2.37 ni wati 45: endelea kuitazama. Ukikuta wati 230, hiyo ni mashine ya michezo. Iache hapo hapo. Karibu umeme wote unaoingia kwenye kompyuta huishia kuwa joto, na joto ndilo linaloiamsha feni.

Hapa Katogota, katika bonde la Ruzizi, jambo hili ni zito kuliko Bukavu kwenye baridi. Huku bondeni mchana hupita nyuzi 30 bila shida, kwa hiyo feni inapuliza hewa ambayo tayari ni ya moto, nayo hulazimika kukimbia. Kasi yake ikiongezeka maradufu, kelele hupanda kama desibeli 15, ilhali 10 tu zinatosha sikio kuhisi sauti imekuwa mara mbili. Vumbi la kiangazi likiziba matundu, hata mashine iliyokuwa kimya itaanza kupiga mluzi. Ndiyo maana kompyuta ya mezani yenye feni pana ya milimita 120, inayozunguka polepole, huweza kuwa tulivu kuliko kijisanduku cha kupendeza chenye feni ndogo.

Diski nayo ina sauti yake. Ile ya zamani huzunguka mara 5400 au 7200 kwa dakika na kukwaruza. Ile ya kisasa, SSD, haina kinachozunguka. Kwa mtumba, kubadilisha diski ndiyo pesa inayotumika vizuri zaidi.

Zipo zisizo na feni kabisa, kama MacBook Air ya M1 ya mwaka 2020, na baadhi ya zile zenye prosesa ya Intel N100 iliyotoka 2023. Kimya chake ni cha kweli, ila zikizidiwa na joto hujipunguza kasi. Kwa kuandika barua, masomo ya watoto na filamu hazitakusumbua. Kwa kuhariri video za harusi, chukua yenye feni uvumilie.

Wenye sola wana sababu ya pili ya kuchagua wati chache. Betri ya risasi ya volti 12, ampea-saa 100, ukiitumia nusu tu ili idumu, inakupa wati-saa 600 hivi. Kompyuta ya wati 100 huzimaliza kwa saa 6. Ya wati 15 hufika 40, ukiacha kinacholiwa na inveta. Na inveta nyingi zina feni! Chaja ya gari inayolingana na kompyuta yako huchota moja kwa moja kwenye betri, na inveta ikabaki imezimwa.

Dukani Uvira, omba kompyuta iwashwe ndani, mbali na jenereta, icheze video dakika 20, kisha tega sikio karibu na kibodi. Muuzaji akikataa, nenda duka la jirani.