Je, Wajua? Video ya Polisi, Nani Aione na Lini

Je, wajua kwamba kamera ya polisi wanayoijua zaidi madereva wa Mapinga ni tochi? Ukitoka Bunju kuelekea Kerege, ukizidisha 50 kwenye makazi ya watu, trafiki anakupiga tochi na picha inamfikia mwenzake aliye mbele kwa simu. Kabla ya kulipa faini ya shilingi 30,000, omba uoneshwe: namba ya gari, mwendo, saa.

Je, wajua kuwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inazipa ofisi za umma siku 30 kumjibu mwananchi? Lakini inaruhusu pia kumnyima taarifa itakayovuruga uchunguzi au kuingilia faragha ya mtu mwingine.

Sura yako kwenye video ni taarifa binafsi, na tangu Mei 1, 2023 ina sheria ya kuilinda. Video ya mtuhumiwa si ya kurushwa kwenye makundi ya WhatsApp.

Je, wajua Chicago ilikalia video kwa miezi 13? Oktoba 20, 2014, polisi alimpiga risasi 16 kijana wa miaka 17, Laquan McDonald. Video ilitoka Novemba 24, 2015, kwa amri ya mahakama, na ikapingana na maelezo ya polisi. Mwaka 2018 askari huyo alitiwa hatiani. Jiji likajiwekea ukomo wa siku 60, California ikaweka 45. Ukomo huo unaweza kuongezwa kwa sababu maalumu, lakini walau familia inajua ianze kuhesabu lini.

London, video isiyohitajika kama ushahidi hufutwa baada ya siku 31. Mwenye malalamiko awahi.

Je, wajua kilichotokea Nairobi? Juni 2025, mwalimu Albert Ojwang alifia mikononi mwa polisi. Walisema alijigonga ukutani. Uchunguzi wa maiti ukakataa. IPOA, chombo cha kiraia kinachosimamia polisi, ikaeleza kwamba kamera za kituo zilichezewa. Kwangu hili ndilo zito kuliko yote: anayetuhumiwa asiwe mtunza video.

Kwetu, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama ipime video ilivyorekodiwa na ilivyotunzwa. Hiyo ni kwa kesi iliyofika kwa hakimu. Isiyofika, hakuna siku iliyopangwa ya familia kuoneshwa video.