Mahakama na Mwananchi (3): Jalada la jinai na mikono linamopita

Wiki iliyopita tulimwacha mshtakiwa wetu kwenye benchi la Mahakama ya Wilaya, pingu mkononi, akisubiri kuitwa. Hakimu hajamwona bado. Aliyekwisha kuanza kazi juu yake ni mtu ambaye wengi wetu hatumhesabu kabisa: karani wa masjala.

Mwendesha mashtaka amemletea hati ya mashtaka. Karani anaipitia: jina, umri, makazi, kosa lenyewe na kifungu cha sheria, maelezo mafupi ya kilichotendeka, lini na wapi, kisha saini. Kupima kama mashtaka yana nguvu si kazi yake. Lakini umri ukisomeka 17 ni lazima ashtuke, maana kwa kawaida mtoto chini ya miaka 18 shauri lake husikilizwa na Mahakama ya Watoto, kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kosa la tarakimu moja hapo laweza kumlaza mtoto na watu wazima.

Kesi inasajiliwa, zamani kwenye daftari kubwa la kurasa za mistari, siku hizi kwenye mfumo wa kielektroniki, na inapata namba. Jalada linafunguliwa. Nani ataisikiliza? Hilo hupangwa na hakimu mfawidhi. Karani anayekuahidi "hakimu mzuri" anakuuzia asichokuwa nacho. Ndugu wa mshtakiwa waiandike namba hiyo na kuitunza. Anayefika dirishani akisema anamtafuta kijana wake aliyekamatwa Jumatatu atazungushwa, mara nyingi bila nia mbaya ya mtu yeyote. Anayetaja namba huelezwa papo hapo kesi iko kwa hakimu gani na itaitwa lini.

Kuna majalada yanayowachanganya sana ndugu, yale yanayoitwa P.I. Mtu ameshtakiwa kwa mauaji, amesomewa shtaka, na hakimu amemwambia asijibu kitu. Watu wanatoka nje wakinong'ona kwamba ameonewa. La. Mahakama ya Wilaya haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya mauaji. Jalada lipo hapo likisubiri upelelezi ukamilike, ndipo shauri lipelekwe Mahakama Kuu. Huko ndiko atakakoulizwa kama ni kweli au si kweli.

Siku ya kesi karani huingia na majalada mahakamani na kuita: "Jamhuri dhidi ya fulani." Ukipata nafasi ya kusoma mwenendo wa kesi yoyote, tazama juu ya maandishi ya kila siku ya shauri. Utaona tarehe, jina la hakimu, jina la mwendesha mashtaka, kama mshtakiwa yupo, na kando ya herufi "CC", jina la karani. Hatoi ushahidi wala hahukumu, lakini kila mara kesi inapoitwa jina lake limo.

Sasa tufike kwenye tarehe, maana hapa ndipo uhuru wa mtu unapopotelea kimyakimya. Mshtakiwa asiye na dhamana hurudishwa gerezani kwa hati ya mahabusu. Hati hiyo inamwambia mkuu wa gereza mambo mawili: mpokee mtu huyu, na mlete tena tarehe fulani. Kwa kawaida ni baada ya wiki mbili, kesi itajwe tu, upelelezi ukiwa haujakamilika. Gereza halina jalada, linayo hati. Karani akiandika tarehe 12 kwenye hati ilhali hakimu ameandika tarehe 2 kwenye jalada lake, tarehe 2 mtu haletwi, kesi inaahirishwa, na hakuna aliyevunja sheria kwa makusudi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai imeweka kikomo cha siku 60 za kuahirisha kesi kwa sababu ya upelelezi, ingawa kuna makosa yasiyohusika, na kuna vyeti vya kurefusha muda. Lakini siku hizo huhesabika kutoka kwenye jalada, na jalada lisilofika mezani halimhesabii mtu chochote.

Dhamana nayo ina saa zake. Hakimu ametoa masharti, wadhamini wawili wamekuja na vitambulisho na barua za serikali ya mtaa, lakini fomu za bondi bado zinajazwa, muhuri umefungiwa kabatini, na karandinga limeshawasha injini. Likiondoka, dhamana iliyokamilika saa kumi itahitaji hati ya kumtoa ipelekwe gerezani, na mtu analala ndani usiku mmoja zaidi, au siku tatu kama leo ni Ijumaa. Ndiyo maana wazoefu huwaleta wadhamini asubuhi, kabla hata kesi haijaitwa. Na ikumbukwe kwamba dhamana haina ada. "Chai ya kuharakisha" ni rushwa, anayeitoa na anayeipokea wote wana kosa.

Vielelezo nitavipitia haraka. Simu, panga au gunia la mahindi vikishapokewa mahakamani hupewa alama, P1, P2 na kuendelea, vikaandikwa kwenye rejesta. Kesi ikiisha, hakimu huamua virudi kwa nani, au viharibiwe. Mlalamikaji asiyefuatilia amri hiyo asishangae simu yake ikioza stoo.

Hukumu imetoka, mtu kafungwa. Akitaka kwenda Mahakama Kuu anatakiwa kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10. Aliyeko gerezani huitoa kupitia maofisa wa magereza, wengi wakitia dole gumba. Rufaa yenyewe ina siku 45, ukiondoa muda uliotumika kupata nakala za mwenendo na hukumu. Muda huo unaoondolewa ndio mrefu kuliko yote: maandishi ya mkono ya hakimu yanasubiri kuchapwa, kusomwa upya na kuthibitishwa. Nimeona mwenendo wa kurasa chache ukisubiri miezi kwa sababu hakimu kahamishwa na hakuna mwingine anayeweza kusoma mwandiko wake. Nakala ikitoka, mfungwa au ndugu yake aangalie tarehe iliyothibitishwa, kwani hiyo ndiyo itakayomtetea akiambiwa amechelewa.

Na jalada likipotea? Hutokea. Mahakama ya Rufani imewahi kukutana na rufaa ambazo kumbukumbu zake hazionekani. Kwanza huagizwa zitafutwe. Zikikosekana, masjala hujaribu kulijenga jalada upya kwa nakala zilizobaki kwa mwendesha mashtaka, kwa wakili, au kwenye faili la gereza. Kisipopatikana cha kutosha, majaji hubaki na swali la kama mtu aendelee kutumikia adhabu ambayo hakuna anayeweza kuonyesha ilivyofikiwa. Majibu waliyolitolea swali hilo hayafanani, nasi tutayatazama wiki ijayo.