Kulisoma Jukwaa Kabla ya Kuliandikia: Hadithi Fupi ya Kiswahili na Mtunzi wa Kisiwa cha Mafia

Ikisiri

Watunzi wa hadithi fupi hushauriwa wasome matoleo kadhaa ya jarida kabla ya kulipelekea mswada. Makala haya yanafafanua maana ya ushauri huo katika Kiswahili, ambamo hadithi fupi imepata nafasi zaidi katika magazeti, mashindano ya redio, tuzo na mikusanyo ya shule kuliko katika majarida ya fasihi peke yake. Kwa mfano wa mtunzi wa Mafia anayekusudia kuandika kisa cha Kua, makala yanaonyesha kwamba kulisoma jukwaa ni kupima umbali uliopo baina ya anachokijua mtunzi na anachokijua msomaji. Mtunzi asiyeupima umbali huo ama huiacha lugha ya kwao, ama huiandika kwa namna isiyomfikia msomaji.

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa mambo ambayo wahariri wa hadithi fupi huyarudia mara kwa mara ni kwamba mtunzi asome kwanza jarida analokusudia kuliandikia. Katika fasihi ya Kiingereza ushauri huo hutekelezeka bila taabu kubwa, kwa kuwa majarida ya hadithi ni mengi na kila moja lina sura yake. Katika Kiswahili hali ni tofauti. Mtunzi anayeishi Kilindoni, Utende au Jibondo hana karibu naye jarida la hadithi fupi linalotoka kila mwezi, ambalo angeweza kulifungua, kulisoma na kulipima. Hata akivuka bahari hadi Nyamisati na kuendelea mpaka Dar es Salaam, atakuta magazeti, vitabu na matangazo ya tuzo. Jarida la Kiswahili linalojishughulisha na hadithi fupi pekee ni nadra.

Kutokana na hali hiyo, ushauri wa wahariri unazaa maswali mawili. La kwanza ni lipi hasa mtunzi wa Kiswahili anapaswa kulisoma badala ya jarida. La pili ni nini anapaswa kukitafuta katika usomaji huo. Makala haya yanayajibu maswali hayo kwa kuanza na historia ya majukwaa yenyewe, kisha kutumia mfano mmoja wa Mafia kuonyesha usomaji huo unavyofanya kazi.

2.0 Majukwaa ya Hadithi Fupi ya Kiswahili

Neno jukwaa linatumika hapa kwa maana ya chombo chochote kinachopokea hadithi kutoka kwa mtunzi, kikaichuja kwa vigezo vyake, na kuifikisha kwa wasomaji au wasikilizaji wanaojulikana. Kwa maana hiyo Kiswahili kina majukwaa ya muda mrefu. Mambo Leo, jarida la kila mwezi lililoanzishwa mwaka 1923 na Idara ya Elimu ya Tanganyika, lilichapisha habari, barua, mashairi na masimulizi. Jarida hilo lilikuwapo wakati Kiunguja kilipochaguliwa mjini Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na kamati ya lugha ilipoundwa mwaka 1930 kusimamia usanifishaji. Msomaji aliyelifuatilia kwa miaka hiyo alijifunza humo, bila darasa, Kiswahili cha namna gani kilikubalika katika chapa.

Jukwaa la pili lilikuwa mashindano. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, iliendesha mashindano ya uandishi ambayo Muhammed Said Abdulla aliyashinda kwa mwaka 1957/58, na kazi yake ikatoka mwaka 1960 kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale. Idhaa ya Kiswahili ya BBC nayo iliendesha mashindano ya hadithi fupi, na baadhi ya hadithi zilizofanya vizuri zikachapishwa na Longman katika mikusanyo kama Mapenzi ni Kikohozi (1970). Inafaa kukumbuka kwamba hadithi hizo zilitungwa zikilenga sikio kabla ya kufikia ukurasa.

Jukwaa la tatu ni gazeti. Vyombo vya habari vya binafsi vilipoongezeka nchini Tanzania katika miaka ya 1990, magazeti pendwa yalitoa nafasi kubwa kwa hadithi za mfululizo, zikiwamo za Eric Shigongo. La nne ni mkusanyo wa shule, uliostawi zaidi nchini Kenya: Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine, uliohaririwa na Ken Walibora na Said A. Mohamed, na Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda, ni mifano inayojulikana. Katika miaka ya karibuni zimeongezeka tuzo, kama ile iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na Tuzo ya Mwalimu Nyerere inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Yapo pia majarida ya mtandaoni: Jalada, lenye asili yake Nairobi, lilichapisha mwaka 2016 hadithi ya Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na tafsiri zake katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni kwamba mtunzi wa Kiswahili hakosi cha kusoma. Anachokosa ni jukwaa moja lenye sura moja. Kila anapobadilisha mahali pa kupeleka mswada, anabadilisha pia msomaji, na usomaji wake wa awali hauna budi kuanza upya.

3.0 Kinachosomwa

Hans Robert Jauss aliita upeo wa matarajio jumla ya mambo ambayo msomaji huja nayo katika matini kabla ya kuisoma. Wolfgang Iser naye alieleza msomaji dokezwa, yaani msomaji ambaye matini yenyewe inamjenga na kumhitaji. Dhana hizo mbili hutumiwa sana katika uhakiki wa kazi zilizokwisha kuchapishwa. Zinamfaa vilevile mtunzi ambaye kazi yake bado ni mswada, kwa sababu kila jukwaa huacha alama za msomaji wake katika hadithi linazozichapisha.

Alama nne ndizo zenye manufaa zaidi. Ya kwanza ni ufunguzi: je, hadithi huanza katikati ya tukio, au huanza kwa kumjulisha msomaji mahali na ukoo wa mhusika? Ya pili ni mgao baina ya usimulizi na mazungumzo, pamoja na aina ya lugha inayoruhusiwa katika kila upande. Ya tatu ni mwisho: je, jukwaa hupendelea hadithi zinazofunga kwa funzo, zinazoacha fundo kwa ajili ya toleo lijalo, au zinazomwachia msomaji uamuzi? Ya nne, ambayo aghalabu hupuuzwa, ni yale ambayo hadithi hazikuyaeleza. Hadithi isiyoeleza daladala ni nini inamdokeza msomaji wa mjini. Hadithi inayosimama kueleza maana ya dema inamdokeza msomaji ambaye hajapata kuona mtego wa samaki wa aina hiyo.

Alama hii ya nne haionekani katika tangazo lolote la kupokea miswada. Tangazo hutaja idadi ya maneno, tarehe ya mwisho na mada. Halitaji ujuzi ambao mhariri anauchukulia kuwa wa kila mtu. Ujuzi huo hupatikana kwa kusoma hadithi zenyewe, tena zaidi ya moja, kwa kuwa hadithi moja huonyesha tabia ya mtunzi wake, na hadithi kadhaa ndizo zinazofichua tabia ya jukwaa.

4.0 Kisa cha Kua katika Majukwaa Matatu

Mfano wa Mafia unaweza kulifafanua jambo hili. Kua ni magofu ya mji wa kale katika kisiwa cha Juani, na Kisimani Mafia ni mji mwingine wa kale, magharibi ya kisiwa kikuu, ambao sehemu kubwa yake imeliwa na bahari. Masimulizi ya Mafia husema kwamba watu wa Kisimani waliunda jahazi, wakawaalika watu wa Kua siku ya kulishua, kisha wakawalaza watoto wa Kua njiani ili chombo kipite juu yao kuelekea majini. Watu wa Kua walinyamaza kwa miaka. Hatimaye waliwaalika watu wa Kisimani arusini, wakawakaribisha katika chumba cha chini, na wenyeji wakatoka mmoja mmoja hadi akabaki mzee mmoja wa kuwachangamsha wageni, huku mlango ukijengwa kwa mawe kimyakimya.

Mtunzi anayetaka kuipeleka hadithi hiyo gazetini, akiwa ameyasoma magazeti, atagundua kwamba kila sehemu ya mfululizo hujitegemea kwa tukio na huishia kwenye shaka. Huenda akaanza hivi: “Mwaliko ulifika asubuhi, na aliyeupokea hakujua kwamba ameshika hukumu yake.” Akiiandikia redio, usomaji wa hadithi zilizotungwa kwa ajili ya kusikilizwa utamfunza kwamba msikilizaji hawezi kurudi nyuma ya ukurasa, sentensi huwa fupi, majina machache, na urudiaji huwa nguzo: “Watu wa Kua walikaa kimya. Mwaka ukapita, wakakaa kimya. Watoto wengine wakazaliwa, nao wakafundishwa kukaa kimya.” Akiupelekea mkusanyo wa fasihi, ambao msomaji wake ni mwanafunzi anayetarajiwa kuchambua nafsi ya msimulizi na maudhui, huenda akamchagua yule mzee awe jicho la hadithi: “Alilisikia jiwe la kwanza likikaa mahali pake, akaongeza sauti ya wimbo ili wageni wasilisikie la pili.”

Kisa ni kimoja, ila maswali ni matatu. Gazeti linauliza litatokea nini. Redio inauliza kimya hicho kina uzito gani. Mkusanyo unauliza ni mtu wa namna gani anayekubali kuzikwa na maadui zake. Mtunzi ambaye hakulisoma jukwaa anaweza kuandika hadithi njema inayojibu swali ambalo wasomaji wa jukwaa hilo hawakuuliza. Mswada wake ukikataliwa, atadhani kisa chenyewe hakikufaa, na hilo ndilo kosa linalogharimu zaidi, kwa kuwa huenda asikiandike tena.

5.0 Lugha ya Mafia Mbele ya Mhariri

Katika muhtasari wa kisa hicho kimetumika kitenzi kushua. Kwa mkaazi wa pwani, chombo kilichomalizika kuundwa hushuliwa, yaani husukumwa kutoka nchi kavu kikaingia majini. Kitenzi hicho si cha lahaja moja wala si kigeni katika kamusi, lakini msomaji aliyekulia mbali na bahari huenda akakiona kuwa ni kosa la chapa, na mhariri mwenye haraka akakisahihisha kuwa kushusha. Maana inapotea hapo hapo, kwani kushusha ni kuteremsha shehena au abiria. Hali ni hiyo kwa bamvua na maji mafu. Katika kijiji cha wavuvi hayo ndiyo majira ya kazi na ya mapumziko. Kwa msomaji wa bara ni maneno yanayohitaji msaada.

Hayo ni maneno ya Kiswahili Sanifu. Suala huwa gumu zaidi kwa maneno ya lahaja yenyewe. Ahmad Kipacha alichapisha mwaka 2004, katika Swahili Forum, msamiati wa Kingome, lahaja ya Mafia. Msamiati huo umehifadhiwa na isimu, lakini kuhifadhiwa katika orodha si sawa na kuishi katika kinywa cha mhusika. Pat Caplan naye, katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu kijiji cha kaskazini mwa Mafia, alitumia shajara iliyoandikwa na mwanakijiji. Msomaji wa ng'ambo aliyapata maisha hayo kwa Kiingereza. Hadithi fupi ni mojawapo ya njia chache ambazo mtunzi wa Mafia anaweza kuzitumia kumfikishia msomaji wa Kiswahili maisha hayo kwa Kiswahili chenyewe.

Kulisoma jukwaa humwezesha mtunzi kuamua mahali pa kuliweka neno la kwao. Jukwaa ambalo hadithi zake huruhusu lahaja katika mazungumzo, lakini si katika usimulizi, linamwonyesha mlango. Jukwaa linaloambatisha faharasa linamwonyesha mlango mwingine. Pasipokuwa na hata kimoja, muktadha ndio hubeba mzigo: “Walikishua chombo, na maji yalipokifika kwenye mkuku wanawake wakapiga vigelegele.” Msomaji asiyekijua kitenzi amekwisha kukielewa kabla ya nukta, na mhariri hana sababu ya kukigusa.

6.0 Pingamizi

Yapo mashaka kwamba usomaji wa namna hii huzaa uigaji: mtunzi hujifunza kinachopendwa, akakitoa kama kilivyo. Mashaka hayo yana msingi. Usanifishaji uliozaa Kiswahili cha vitabuni uliondoa pia mengi ya lahaja katika chapa, na mtunzi aliyetaka kuchapishwa alijisahihisha kabla hajasahihishwa.

Hata hivyo, uigaji hutokana zaidi na usomaji haba kuliko usomaji mwingi. Aliyesoma hadithi moja iliyoshinda huiiga hiyo. Aliyesoma ishirini huanza kuona kilichochoka, kilichorudiwa na kisichowahi kuguswa. Muhammed Said Abdulla alikuwa mhariri wa magazeti kabla ya kujulikana kwa riwaya zake. Alilijua jukwaa kutoka ndani, na aliijua hadithi ya upelelezi ya Kiingereza. Alichokitoa ni Bwana Msa, mhusika wa Unguja anayechunguza mambo ya watu wa Unguja kwa lugha yao. Ujuzi wa umbo haukumfunga. Ulimwonyesha nafasi iliyo wazi.

7.0 Hitimisho

Ushauri wa kusoma kabla ya kupeleka mswada hueleweka vibaya unapochukuliwa kuwa njia ya kumridhisha mhariri. Katika Kiswahili, ambako majukwaa ni ya aina nyingi na wasomaji wametawanyika kutoka pwani hadi bara, ushauri huo unahusu uamuzi wa kiisimu: kipi kielezwe, kipi kiachwe, na neno lipi lilindwe kwa muktadha. Walimu wa uandishi bunifu wangefaa kuufundisha hivyo, kwa kuwapa wanafunzi hadithi kadhaa za jukwaa moja na kuwataka waorodheshe yale ambayo hadithi hizo hazikuyaeleza. Mwanafunzi wa Mafia atakayeifanya kazi hiyo atajua ni wapi kushua kunahitaji msaada na ni wapi kunaweza kusimama peke yake.