Pesa ya Seyyid Barghash Shambani Machakos

Wengi wetu watu wa pwani tumeipita Machakos tukiwa usingizini. Basi la usiku litokalo Mombasa likishafika njia panda ya Kyumvi, abiria huanza kujinyoosha na kutafuta viatu vyao, kwa kujua kuwa Nairobi i karibu, wala hakuna ajisumbuaye kutazama mkono wa kulia, kule kwenye vilima. Mimi nami nimekuwa mmoja wao kwa zaidi ya miaka thelathini. Safari hii nilishuka.

Aliyenishusha ni rafiki yangu wa siku nyingi, Mkamba, mwalimu wa historia aliyestaafu, ambaye alifundisha Mombasa hata akaoa kwetu na akawa hali pilau isiyo kachumbari. Mwenzetu wa tatu alikuwa fundi wa redio wa Majengo, mtu wa maneno machache, na ndiye mwenye mashine. Mashine yenyewe aliletewa na mpwawe aliye Dubai. Ni ndugu ya kile kifimbo ambacho mabawabu wa mahoteli hutupitishia mwilini kabla ya kuturuhusu kuingia, ila hii ina mpini mrefu, na chini yake sahani yenye waya uliozungushwa. Betri hupeleka umeme katika waya ule, ukafanya nguvu ya sumaku inayopenya ardhini. Ikikuta chuma au shaba, kile kitu nacho huitika, na mashine ikalia. Haijui thamani. Fundi asema sikio lililozoea hupambanua mlio wa shaba na wa msumari. Nilijaribu asubuhi nzima, sikupambanua kitu.

Shamba lilikuwa la ami yake mwalimu, mzee aliyekwisha pita miaka themanini. Alitukaribisha kwa muthokoi na mbaazi (mbaazi zisizotiwa nazi, Mungu awasamehe), kisha akatupa ruhusa kwa masharti mawili: kila shimo tulichimbalo tulifukie kabla ya kuchimba jingine, na kule chini ya mwembe, alikolala mamake, tusikanyage.

Inafaa nieleze shamba la huko lilivyo, kwani halilali kama la Malindi. Limekatwa ngazi ngazi ubavuni mwa kilima, na kila ngazi ina mtaro ambao udongo wake hutupwa upande wa juu ukawa tuta. Ndipo watu wakaita kazi hiyo "fanya juu". Bila ya matuta hayo mvua moja kubwa ingeteremsha shamba lote mtoni. Katika miaka ya 1930 vilima hivi vilikuwa vimechunika kama mgongo wa punda. Serikali ya kikoloni ikaona dawa ni kuwanyang'anya Wakamba ng'ombe wao, na mwaka 1938 Muindi Mbingu akawaongoza watu kwa maelfu hadi Nairobi kudai mifugo yao. Walirudishiwa, lakini yeye alikamatwa akahamishiwa wapi? Lamu. Kwa hivyo si kweli kwamba Machakos na pwani hatujuani. Matuta yalikuja kushika baadaye, wakulima wenyewe walipoyapenda, na kwa kuwa udongo umekuwa ukigeuzwa mwaka baada ya mwaka, kilichokuwa chini huja juu na kilichokuwa juu huzama.

Mpaka adhuhuri tulikuwa na vizibo vya soda kumi na saba, misumari, kipande cha jembe, pete ya betri na mkebe wa kimbo uliobanwa. Mzee alikaa juu ya jiwe akitucheka kwa adabu. Baada ya sala, kwenye tuta la tatu, mashine ikalia mlio uliomfanya fundi ainue mkono kama mtu aliyesikia adhana. Kiasi cha kiganja chini, katika udongo mwekundu, kulikuwa na kitu cha mviringo, kijani kwa kutu ya shaba.

Mwalimu alikisugua kwa kidole, akakigeuza huku na huku, kisha akanipa bila ya kusema neno. Upande mmoja kulikuwa na mizani, na chini yake tarakimu zetu tulizofundishwa chuoni: 1299. Upande wa pili maandishi ya Kiarabu yaliyokuwa yamelika, lakini jina moja lilisomeka: Barghash.

Nakiri kwamba nilikaa chini. Mwaka 1299 wa Hijra ni takriban 1882 wa Miladi. Ni pesa ya Unguja, ile ya shaba ambayo sitini na nne zilifanya rupia moja, iliyopigwa kwa amri ya Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi alipofariki 1888. Nimeziona kwenye vioo vya Ngome ya Yesu tangu utotoni. Kuikuta kilomita mia nne na zaidi kutoka baharini, ndani ya tuta la mahindi, ni jambo jingine.

Mzee akauliza, "Inasema nini?" Nikamsomea. Akasema babake alikuwa na kama hiyo, akiifunga katika ncha ya nguo.

Ilifikaje? Mwalimu hapo akawa mwalimu tena. Katika nusu ya kwanza ya karne ya kumi na tisa Wakamba ndio waliokuwa mabwana wa misafara ya pembe kati ya bara na Mombasa. Kivoi wa Mwendwa, tajiri wa upande wa Kitui, ndiye aliyemkaribisha mmisionari Krapf kutoka Rabai mwaka 1849, na ni safari hiyo Krapf alipouona Mlima Kenya. Baadaye misafara ya Waswahili ikaishika njia. Walakini biashara ile ilikuwa ya marekani, ushanga na waya. Sarafu haikuwa na kazi kubwa. Pesa yetu yamkini ilipanda zaidi zama za Kampuni ya Waingereza, ile iliyopewa pwani na huyu huyu Barghash mwaka 1887, ikapata hati ya kifalme 1888 na kupiga fedha zake zenye jina la Mombasa. Mwaka 1889 Kampuni ilijenga kituo chake Machakos, mahali palipochukua jina la Masaku, mzee mashuhuri wa Wakamba. Nairobi wakati huo ilikuwa kinamasi. Wapagazi, askari na wachuuzi wa kwetu walijaa hapo, mpaka reli ilipopita mbali ikafika Nairobi mwaka 1899, na makao ya serikali yakaifuata reli. Pesa moja ya shaba ingeweza kumponyoka yeyote kati yao.

Jioni, tukingoja chai, tulianza kuhesabu majina ya fedha, na hapo mimi ndipo nilipostarehe, maana ushairi ni kazi ya maneno. "Pesa" ni Mhindi aliyetuachia. "Fedha" ni madini meupe yenyewe. "Hela" ni ya Mjerumani, huko Tanganyika. "Thumuni" ni thumni, sehemu ya nane ya riale, na riale imekufa zamani lakini Mkenya wa bara aliendelea kuiita senti hamsini "sumuni" bila ya kujua anamtaja marehemu. Mzee akaongeza "ndururu", senti tano, akaingia ndani akatuletea yake aliyoitunza, yenye tundu katikati. Sarafu hizo za tundu watu walizitia kwenye kamba. Kuhusu rupia alikuwa na uchungu wa kurithi. Mwaka 1920 serikali iliipandisha rupia ikawa shilingi mbili za Kiingereza, badala ya shilingi na peni nne. Mwaka uliofuata ikaifuta kabisa, ikaleta shilingi, na mwaka huo huo masetla wakakata mishahara ya Waafrika kwa thuluthi. Babake, alisema, alikuwa na rupia kibuyuni. Hakusema zilikwenda wapi.

Likaja suala la nani mwenyewe. Fundi, aliyekuwa kimya siku nzima, alisema hii ni rikazi, hazina iliyozikwa, na hadithi ya Mtume (s.a.w.) iko wazi kwamba ndani yake mna khumsi. Nikamwambia, taratibu bwana. Katika madhehebu yetu ya Shafii rikazi ni mali ya zama za kabla ya Uislamu, tena dhahabu na fedha iliyotimiza nisabu. Hii ni shaba, na ina jina la sultani Mwislamu. Kwa hivyo ipo upande wa lukta, kitu kilichopotea kwa mtu, na lukta yenye thamani hutangazwa mwaka mzima. Na ikiwa imepatikana katika ardhi yenye mwenyewe, wa kwanza kuulizwa ni mwenye ardhi. Mimi si mufti, na wanavyuoni watanisahihisha, lakini hakuna mlango niliouona ambao pesa ile ingetokea ikaingia mfukoni mwa mmoja wetu watatu.

Mwalimu alikuwa na kitabu kingine: Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006. Kwa sheria hiyo, kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 ni cha kale, na cha kale kilicho chini ya ardhi ni cha serikali. Aliyekiona ana siku saba za kuarifu. Na kuvitafuta vitu hivyo kwa kuchimba bila ya leseni ni kosa. Nikamuuliza kwa nini hakusema hayo tukiwa Mombasa. Akasema alidhani tutapata misumari tu.

Tungaliishia hapo, hadithi hii ingalikuwa tamu. Lakini watoto walikuwa wametuona. Msomaji amewahi kusikia uvumi huu, kwani uko Kenya na Tanganyika nzima: kwamba rupia za kale zina zebaki na huuzwa mamilioni, kwamba Mjerumani alizika masanduku chini ya miti. Watu wamechimba maboma, na hata makaburi, wakaishia na mashimo. Usiku ule wakaja. Asubuhi tulikuta tuta la tatu limekatwa mahali patatu, upana wa mlango, na shimo la nne lilikuwa hatua chache tu kutoka mwembeni. Mvua za vuli zilikuwa zinakaribia.

Mzee hakutulaumu. Alitazama muda mrefu, kisha akaleta majembe manne.

Tulifanya kazi hiyo siku mbili. Nikiwa na malengelenge mikononi niliikumbuka ile sarafu ya China ya mfalme Yongle iliyopatikana kisiwani Manda mwaka 2013. Waliichimbua wataalamu, na maana yake yote imo katika kujua ilikuwa tabaka gani la udongo na ilikuwa pamoja na nini. Yetu sisi tuliing'oa kama jino. Aidha nani leo atakayeweza kuonyesha ililala wapi katika tuta lile, baada ya majembe ya wezi na yetu?

Mzee ndiye aliyeamua. "Ipelekeni," alisema, "lakini iandikwe ilitoka shamba la nani." Mwalimu aliandika barua, akachora ramani ya matuta kwa mkono wake, akaeleza na mashine bila ya kuficha. Tukaikabidhi siku ya tano. Fundi amerudisha mashine yake kwenye kasha, na hajasema kama ataiuza.

Juzi nilimpigia mzee simu kumwambia karatasi ya kupokelewa iko njiani, na kwamba jina lake limo. Akaniuliza kama Mombasa mvua imeshuka. Kwao, alisema, imenyesha usiku kucha. Nikamuuliza tuta la tatu likoje.

"Limeshika," akasema, "ila pale ulipofukia wewe, palinibidi nirudie."