Kupiga Mbizi katika Maji ya Baridi: Safari na Msamiati Wake

Zoezi la kuandaa mpango wa safari ni la kawaida katika madarasa ya Kiswahili, na wanafunzi wengi huandika juu ya Musanze au Zanzibar. Safari hii tujaribu nyingine: kutoka Kigali hadi Cape Town, Afrika Kusini, kupiga mbizi kwa mtungi katika misitu ya mwani mrefu.

Tuanze na vitenzi. Kuzama ni kwenda chini, aghalabu bila kutaka. Kupiga mbizi ni kwenda chini kwa hiari, na kuzamia ni kufuata kitu huko chini, kama lulu. Lakini mzamiaji, magazetini, ni pia mtu aliyejificha melini ili aingie nchi za watu. Heri mwanafunzi aandike mpiga mbizi, asije akamkosesha mtu viza!

Kosa zito zaidi ni "mtungi wa oksijeni". Kilichomo kwa kawaida ni hewa hii hii tunayovuta, ila imeshindiliwa. Oksijeni tupu, ukipita kina cha mita 6 hivi, yaweza kuwa sumu na kuleta degedege; na degedege chini ya maji ni kifo. Mfasiri wa maelekezo ya kazi hana ruhusa ya kuchanganya maneno hayo mawili.

Sasa tarehe. Bahari ya Zanzibar huwa na nyuzi 25 hadi 29 hivi. Upande wa Atlantiki wa Cape Town hushuka hadi karibu 10. La ajabu ni kwamba upande huo huwa baridi zaidi majira ya joto, Novemba hadi Februari. Upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu mbali na pwani, na maji ya chini, ya baridi na mara nyingi maangavu, hupanda. Anayekwenda Juni hadi Agosti afadhali achague False Bay. Huko nako mpangaji hutazama pepo kwanza, kama manahodha wa kaskazi na kusi.

Mavazi ni ya mpira, unene wa milimita 5 hadi 7, pamoja na kofia na glovu. Kwa kuwa vazi nene huelea, huongezwa vipande vya risasi kiunoni (madini, si ya bunduki).

Kurudi ndiko kunakosahauliwa. Naitrojeni huyeyuka mwilini chini ya maji. Shinikizo likipungua haraka hufanya mapovu, nayo huweza kupoozesha. Baada ya mbizi za siku kadhaa inashauriwa kungoja angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Mpango wa kupiga mbizi asubuhi na kuruka jioni, hata uwe na sarufi safi namna gani, mimi siupi alama. Kigali yenyewe iko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Kwa sababu hiyo hiyo, majedwali ya mbizi ya baharini hayatumiki vilevile yalivyo katika Ziwa Kivu, lililo kwenye mita 1,460 hivi.