Diski Nzima Isiyoamsha Mashine

Mtu wa Kamituga aliyenunua Bukavu kompyuta iliyokwisha kutumika Ulaya aghalabu huing'oa diski ya mashine yake kuukuu na kuitia katika hiyo nyingine, akitaraji hesabu zake za dhahabu na picha za arusi zitokee kama zilivyokuwa. Kioo humjibu kwamba hapana diski ya kuamshia, naye huambiwa kwamba diski imeharibika, haina budi kufutwa. Hukumu hiyo naiona ya haraka mno, kwani yamkini diski ni nzima, ila imegawanywa kwa kanuni isiyoafikiana na mashine.

Kanuni kongwe, MBR, iliyokuja na PC DOS 2.0 ya IBM mwaka 1983, hukusanya kila jambo katika baiti 512 za mwanzo: 446 za amri za kuamshia, 64 za jedwali la mafungu, na 2 za muhuri. Kila fungu huandikwa kwa baiti 16, ndiyo sababu mafungu makuu hayazidi manne. Na maadamu anwani zake ni za biti 32, diski ya kawaida haitumiki kupita terabaiti 2 na kidogo. BIOS ya zamani, programu ya kuamshia iliyomo ndani ya mashine, mithili ya karani wa forodhani asomaye ukurasa wa kwanza tu, hutazama muhuri ule, kisha huzikabidhi amri zile kazi yote.

Kanuni mpya, GPT, ilizaliwa pamoja na EFI ya Intel, mrithi wa BIOS, ambayo tangu 2005 hutunzwa na jumuiya ya makampuni kwa jina la UEFI. Jedwali lake kwa desturi lina nafasi 128, na nakala yake huwekwa mwisho kabisa wa diski, faida aijuayo kila aliyeona mwanzo wa diski ukifutwa kwa makosa. (Mwanzoni huachwa MBR ya bandia, ili programu za kale zisidhani diski ni tupu.) UEFI haina haja na amri za baiti za mwanzo, hutafuta fungu dogo la FAT32 lenye faili la kuamshia, na diski ya kale kwa kawaida haina fungu hilo.

Basi kabla ya kufuta, diski na iunganishwe kwa waya wa USB na mashine nyingine, vitu vilivyomo vinakiliwe, maana kutoamsha si kutosomeka. Kisha mipangilio ya mashine itazamwe kama ina CSM, inayoiga BIOS ya zamani. Mashine nyingi mpya hazinayo tena. Ikikosekana, Windows 10 tangu 2017 ina programu ya mbr2gpt, igeuzayo diski ya mfumo pasipo kufuta mafaili, ila hukataa ikikuta mafungu makuu yamezidi matatu.